Bibi Arusi Ataangukia kwa Nani

Kijiwe chetu hapa Erfoud, ukingoni mwa jangwa la Morocco, hakina benchi la mbao. Tunakalia bamba la jiwe lililovunjikia kwenye mashine ya Msumeno, yule mwenye karakana ya kukata mawe yenye konokono na ngisi wa zamani za kale. Aliona uchungu kulitupa, akalilaza nje ya mkahawa wa Bassou, na tangu hapo tunasugua makalio juu ya viumbe waliokufa kabla Nabii Nuhu hajazaliwa. Kulia ni duka langu la kuziba matairi, ndiyo maana wananiita Pancha, jina nisilolipenda na ambalo kila nikilalamika linazidi kukolea. Kushoto ni kibanda cha Zayd, fundi simu. Huyo tunamwita Rubani, kwa sababu hajawahi kupanda ndege ila amefika mwezini mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Anafika kwa laptopu. Ana programu ya kuendeshea vyombo vya angani, na ana wenzake huko duniani, Wabrazili, Wacheki, sijui nani na nani, wanaotengenezeana roketi na sayari na kupeana bure. Jumanne ile, tumetoka kuswali alasiri, Bassou ndiyo kwanza analeta birika la kahawa na maziwa, Rubani akatoka kibandani na laptopu yake kifuani, akaitua juu ya kreti la soda mbele yetu.

— Jamani, sogeeni, akasema. Bibi Arusi kaanguka.

Hapo inabidi nieleze. Kuna jiwe kubwa angani, mojawapo ya yale yanayolizunguka jua na kukatiza njia ya dunia, na Alhamisi ya wiki ile lilikuwa lipite jirani. Wataalamu wa nyota walishatangaza kwamba litapita mbali na wala halitamgusa mtu. Lina jina la tarakimu na herufi ambalo halikai kichwani, basi sisi tukaliita Bibi Arusi, maana Rubani kila siku alikuwa anatutangazia kuja kwake na hatumwoni. Alikuwa amelijenga ndani ya programu yake: umbo lake, uzito wake, njia yake, jinsi linavyojizungusha. Na ngozi yake, ule weusi wa juu, aliipata kwa kupiga picha kimondo cha Sumaku.

Sumaku ni Addi. Ndiye mwokotaji mkongwe wa vimondo katika mji huu, na jina limetoka kwenye fimbo yake yenye kipande cha sumaku nchani, anayogusia mawe jangwani kujua lipi ni la kwetu na lipi ni mgeni. Kwetu sisi jiwe kutoka juu ni riziki. Lakini macho ya Addi yameingia ukungu. La kulia lilishakufa, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi Errachidia, wanapasua bure, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa. Basi la kwenda huko lilikuwa liondoke jioni ile kabla ya magharibi, na mkewe, Itto, alikuwa nyumbani anafunga mkoba. Yote hayo tulikuwa tunayajua. Akili tulikuwa nazo, ila siku ile hatukuzitumia.

— Kaanguka wapi? akauliza Sumaku, kasimama wima na kikombe mkononi.

— Kemkem, ami. Kule nyuma ya vilima.

— Rudia.

— Kemkem. Uwanda ule ule unaoupenda.

— Pancha, ni kweli? Wewe unaona?

Nikainama. Kwenye kioo kulikuwa na dunia, ya bluu na ya mviringo, na kwenye bega la Afrika kidoa chekundu kinawaka na kuzimika.

— Naona kidoa chekundu, nikamwambia. Kiko huku huku kwetu.

Sumaku akakaa. Kahawa ikamwagika gotini, hata hakushtuka.

— Nimempeleka mbele mpaka Alhamisi, Rubani akasema, maneno yanapandiana. Nilikuwa nataka tu kuona anavyopita, nimpige picha niwarushie wenzangu. Mara naona anakata kona. Mara pu, katua. Nimekaa kitini kama dakika nzima sipumui.

— Ana ukubwa gani huyo? akauliza Msumeno.

— Kama uwanja wa mpira. Pamoja na majukwaa.

— Basi tutakufa, nikasema.

— Kuna watakaokufa na kuna watakaookota, Msumeno akajibu. Wewe jipange mwenyewe uko kundi gani.

Waziri akakohoa. Ukimsikia Waziri anakohoa ujue anataka kikao kitulie. Alikuwa tarishi huko wizarani Rabat, anabeba mafaili kwa wakubwa, na tangu astaafu anaongea kana kwamba mafaili yalikuwa yanaletwa kwake.

— Mimi nililisema hili, akaanza. Ardhi ya hapa ina mvuto. Niambieni, kwa nini vimondo havianguki Rabat?

— Vinaanguka, nikasema. Watu wa Rabat hawatazami chini.

— Acha utani, Pancha. Mawe yaliyolala kwenye jangwa hili ni mengi. Yanaita ndugu zao. Jiwe likiwa peke yake kule juu, baridi, giza, halafu linasikia huku chini kuna ukoo mzima umekaa, lifanye nini? Linashuka.

— Hamjui mnachokalia nyie, Msumeno akadakia, na akalipiga kofi lile bamba. Hapa palikuwa bahari. Ngisi, konokono, samaki, wote walikuwa wanaogelea hapa tulipo. Bahari ikaenda wapi?

— Ilikauka, akasema Rubani.

— Nani aliikausha? Jiwe. Jiwe kama hili. Sasa linarudi kuangalia kazi yake.

— Likute nini, wewe unauza meza? nikamuuliza.

— Likute naliuza na lenyewe. Nitalikata mabamba, nisugue mpaka ling'ae. Hoteli zote za kuanzia hapa mpaka Marrakech zitakula chakula juu ya Bibi Arusi.

— Msumeno wako hauliwezi.

— Nitaagiza mwingine.

Muda wote huo Sumaku alikuwa anatabasamu upande ule usio na mtu. Kisha akasema taratibu:

— Linakuja kwangu.

— Kwako kivipi?

— Rubani, si ulilivisha ngozi ya jiwe langu? Lile lililoko chini ya kitanda?

— Ni picha tu, ami. Nimeibandika juu ili lifanane na jiwe la kweli.

— Ndiyo. Umelionyesha sura ya nduguye. Sasa limemjua, linamfuata. Halikukata kona bure hilo.

Mtu mwingine angelisema hayo tungemcheka mpaka kahawa itutoke puani. Lakini Addi alisema kwa furaha ambayo hatukuwa tumeiona kwake tangu macho yaanze kumsumbua. Hata Waziri akatikisa kichwa kumkubalia, na Waziri huwa hakubali nadharia isiyo yake.

— Tena nawaambia kitu, Waziri akasema, akishusha sauti. Hao wanaosema litapita mbali, wanajua fika. Wanatulaza. Alhamisi asubuhi mtaona helikopta. Watakuja na mikasi mikubwa, wazungushe waya uwanda mzima, na sisi tuambiwe turudi nyumbani kwa usalama wetu.

— Basi sisi tuwahi kesho, akasema Msumeno. Tukapige hema.

— Likituangukia?

— Tunatandaza matairi ya Pancha. Yote. Uwanda mzima. Likitua linadunda kidogo, linatulia, halipasuki hata ukucha.

— Matairi yangu hayatoki dukani, nikasema.

— Mtu mchoyo wewe. Dunia inapata mgeni, unazungumzia matairi.

— Yana wenyewe hayo, watu wameacha yazibwe.

— Wakija waambie yako kwenye shughuli ya kitaifa.

Tulicheka, na mimi nikacheka, na nakiri kwamba tulikuwa tumeshaamini kwelikweli. Mji wetu hauna mambo mengi. Watalii wanakuja, wanapigwa picha na ngamia, wanaondoka. Jiwe lenye ukubwa wa uwanja wa mpira, tena Kemkem, tena Alhamisi, lilikuwa jambo la kutufanya tusahau kila kitu kingine, pamoja na basi la jioni.

— Basi mimi Errachidia siendi, akasema Sumaku.

Bassou aliyekuwa anaongeza kahawa alisita na birika lake hewani.

— Madaktari wanaondoka kesho, nikasema.

— Watakuja wengine.

— Lini?

— Wewe nawe. Daktari kasema nikipasuliwa nisiiname, nisikanyage vumbi, nisipigwe na jua mpaka atakaponiruhusu. Alhamisi nitakuwa nimefungwa kitambaa, nimelazwa kwa shemeji yangu kama mgonjwa wa degedege, na nyie mko Kemkem. Maisha yangu yote nimeokota ya zamani, yaliyokaa mchangani miaka na miaka. La moto sijaliokota hata moja. La moto, Pancha. Linanuka baruti bado.

— Ana haki, Msumeno akasema. Nafasi kama hii haiji mara mbili.

Na mimi, badala ya kumkanya, nikanywa kahawa yangu. Nilikuwa namjua Addi. Nilijua kwamba anakiogopa kile kisu cha jichoni kuliko anavyoogopa jini, na kwamba tangu wamwandike jina alikuwa anatafuta sababu ya kukaa. Sasa sababu ilikuwa imemdondokea kutoka mbinguni.

— Hebu liangushe tena, Rubani, akasema Waziri. Tuone mahali penyewe hasa, tujue hema linakaa upande gani.

Rubani akabofya. Tukasongamana mbele ya kile kioo, vichwa vimegusana. Dunia ikajizungusha mbio, mchana, usiku, mchana, kama sarafu mezani. Bibi Arusi akatokea pembeni, punje ndogo nyeusi, akaja, akaja, akakata kona, akagonga.

— Liko wapi? Sumaku akauliza. Nani aniambie, liko wapi?

Rubani akasogeza uso kwenye kioo.

— Pancha, liko wapi?

— Mauritania, nikasema.

— Mauritania?

— Katikati kabisa.

— Limefuata nini Mauritania? Msumeno akafoka, kana kwamba Rubani ndiye mwenye jiwe. Si ulisema Kemkem?

— Mara ya kwanza lilianguka Kemkem. Wallahi mliona.

— Limehongwa, Waziri akasema. Mnaona sasa? Nyie mlidhani hii ni habari ya jiwe tu. Kuna nchi zimeshaanza mazungumzo nalo.

— Mazungumzo na jiwe?

— Na wenye jiwe.

— Liangushe tena, akasema Sumaku. Lilikosea njia.

Rubani akaliangusha tena. Safari hii tulikuwa tunalisukuma kwa midomo, huku, huku, kulia kidogo, shika kushoto, mpaka watu wa duka la mikate wakatoka kutuchungulia. Punje nyeusi ikaja, ikakata kona, ikaivuka Morocco yote bila hata salamu, ikatumbukia baharini, ng'ambo ya visiwa vya Kanari.

— Limezama, nikamwambia Sumaku kabla hajaniuliza.

— Hilo linaogopa, Msumeno akasema. Limeona tuko tayari, limeogopa.

— Linatafuta, akasema Waziri. Linazungukia nyumba zote. Mwisho litaingia moja.

Lakini Rubani alikuwa ameacha kubofya. Alikuwa anajikuna kisogo, anatazama kona moja ya kioo yenye namba.

— Nimefanya ujinga, akasema.

— Ujinga gani?

— Nimekimbiza muda mno.

Akatueleza, na kwa kuwa nilimwelewa baada ya kurudia, nawapa nilivyoelewa. Ile programu unaweza kuiambia iende mwendo wa kawaida, dakika kwa dakika, au uiambie ikimbie, siku nzima ipite ukipepesa jicho. Ikienda taratibu, inapiga hesabu ya kila hatua ya jiwe. Ikikimbizwa, haipigi tena hatua, inaruka, na kila mruko unakosea kidogo. Makosa madogo yanalimbikizana, na mwisho jiwe linajikuta liko mahali ambapo halina shughuli napo. Kila mtu mwenye programu ile analijua hilo. Rubani mwenyewe huwa anawakaripia wageni wa huko kwenye kundi lao kwa kosa hilo hilo. Ila yeye alikuwa amengoja wiki nyingi, na subira ikamwishia kwenye siku mbili za mwisho.

— Kwa hiyo halianguki? nikamuuliza.

— Sijasema halianguki. Nasema sijui. Mpaka niliendeshe polepole, mwendo wa kweli kweli, angalau hiki kipande cha mwisho.

— Inachukua muda gani?

— Nikianza sasa hivi, magharibi itakuwa imeshaingia.

Sote tukatazama upande wa kituo cha basi, halafu tukatazama vikombe vyetu.

— Anza, akasema Sumaku. Nitangoja.

— Ami, basi lako.

— Nimesema anza.

Rubani akaanza. Sasa ile punje nyeusi ilikuwa imetulia kwenye giza lake, huwezi kusema inakwenda wala imesimama. Msumeno akavuta kreti karibu. Waziri akaagiza kahawa nyingine, Bassou akatikisa birika, halikulia kitu, akarudi ndani. Na Sumaku akawa ameuelekeza uso wake kwenye laptopu, shingo mbele, macho wazi, na mtu asiyemjua angedhani ndiye anayeona vizuri kuliko wote.

Inafaa niseme jambo moja juu ya kazi ya vimondo, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Jangwani hatuna polisi wala mpaka, tuna desturi moja: jicho lililoona ndilo lenye jiwe. Mnatembea kwa mstari, mnapiga soga, mnachekeshana, lakini ukiliona jiwe unanyamaza. Huelekezi kidole. Humwiti mwenzio. Unasogea taratibu kana kwamba unakwenda kujisaidia, unaliinamia, unalitia mfukoni, ndipo unaongea. Hata ndugu wa tumbo moja hawaonyeshani. Mwaka jana, ilipoanguka mvua ya vijiwe huko kusini, Addi alipita pembeni mwa jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi, karibu alikanyage. Msumeno aliyekuwa nyuma yake akaliokota kwenye unyayo wake. Hakuiba. Hakuna aliyemlaumu, na Addi mwenyewe aliposimuliwa alicheka kuliko wote. Lakini tangu safari ile hajaenda tena jangwani na ile fimbo.

Itto akaja na mkoba mmoja begani na mwingine mkononi, amevaa shela yake nyeusi ya kusafiria yenye maua ya nyuzi. Akatusalimu mmoja mmoja, akauliza hali ya wake zetu kama inavyotakiwa, ndipo akamgeukia mumewe.

— Addi, dereva anapakia mizigo.

— Keti kidogo, mama. Tunamngoja Bibi Arusi.

— Bibi Arusi gani?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Waziri na helikopta zake, Msumeno na meza zake, Rubani na miruko yake, Addi na jiwe la chini ya kitanda. Itto alisikiliza bila kumkatiza mtu. Mimi nilidhani atafoka, na ningemwelewa. Akaitua mikoba chini, akainama akatazama kioo, akaitazama ile punje kwa muda mzuri.

— Ndilo hili?

— Ndilo hilo, mama Itto, akasema Rubani.

— Zuri. Basi naomba kuuliza kitu. Likianguka huko Kemkem kama mnavyosema, mkaenda wote, na Addi akaenda. Ni nani kati yenu atakayemwonyesha lilipo?

Waziri hakukohoa. Mimi nilitazama lile bamba, nikahesabu konokono. Kwa Mungu nilitaka kusema mimi, lakini mimi pia natembea kwenye ule mstari, na tangu nianze kutembea sijawahi kumnyooshea mtu kidole. Addi alikuwa ameugeuza uso, kwanza upande wa Msumeno, halafu upande wangu, anangoja. Alingoja hasa.

— Sikuulizi kwa ubaya, Hammou, Itto akamwambia Msumeno, akimtaja jina lake la nyumbani.

— Najua, shemeji, Msumeno akasema, na sauti yake haikuwa ile ya karakana.

Addi akapapasa fimbo yake, akaipata, akaegemea.

— Mimi naogopa, akasema. Niwaambie ukweli. Wanakata jicho ukiwa macho, unasikia kabisa. Ningelikuwa na mahali pa kukimbilia ningekimbia.

— Najua unaogopa, Itto akasema. Na mimi naogopa. Twende tukaogope huko huko.

Addi akasimama. Akapiga hatua mbili, akarudi, akamshika Rubani bega.

— Kijana wangu. Hilo lako, unaweza kulisimamisha?

— Naweza, ami. Hili la kwenye kioo naweza. La kule juu siliwezi.

— La kule juu lina mwenyewe. Wewe lisimamishe hili. Asiliendeshe mtu mpaka nirudi.

Rubani akabofya mara moja. Msumeno akainua ile mikoba yote miwili bila kuombwa, akatangulia nayo mpaka kituoni, na alikaa pale mpaka basi likapotea kwenye kona ya mitende.

Alhamisi ikaja. Tulikaa kijiweni tangu asubuhi, tunajifanya tunazungumza mambo mengine, na kila mmoja akidhani wengine hawamwoni, anatazama juu. Anga ilikuwa tupu na ya bluu. Helikopta haikuja. Waziri akasema hiyo ndiyo dalili ya hatari zaidi, ila hakuwa na moyo nalo, na akakubali kuzungumza habari za tende. Laptopu ilikuwa ndani ya kibanda, imewashwa, imefunikwa kitambaa, na Rubani alikuwa anawarudisha wateja wenye simu za kuharakisha kwa sababu waya pekee ya umeme ya kibandani alikuwa ameichomeka kwenye laptopu hiyo. Wenzake kutoka sijui Brazili wakamwandikia wakimwuliza mbona haleti picha. Akawajibu kwamba anamngoja mtu.

Addi alirudi wakati tende za kwanza zimeshaanza kuuzwa, daktari amemruhusu, miwani ya giza usoni, Itto pembeni yake. Tulimwona akitokea mbali, na nikagundua kwamba hakumshika Itto mkono. Alikuwa anaruka vidimbwi vya maji ya mferejini. Alipofika akasimama mbele yetu, akamtazama kila mmoja kwa zamu, akaniangalia mimi mwisho.

— Pancha, umezeeka, akasema.

— Na wewe umerudi na kiburi, nikamjibu, nikasogea apate nafasi.

Akakaa kwenye bamba, akapitisha vidole juu ya konokono, halafu akainama akawatazama, kwa karibu, kama anayesoma. Bassou akaleta birika jipya. Rubani akatoa laptopu, akafunua kitambaa, na Bibi Arusi alikuwa pale pale alipomwacha.

— Naliendesha, ami?

— Liendeshe.

Hapo Rubani alikuwa ameitoa ile picha ya karibu, akaiweka kamera mbali, upande wa dunia, jinsi mtu wa kawaida angeona kutoka chini. Kioo kizima kilikuwa nyota, maelfu, na moja kati ya hizo ilikuwa jiwe. Akabofya. Tukasogeza vichwa, Msumeno, Waziri, mimi, hata Bassou na birika lake. Tukatafuta. Kila mmoja macho yake yalikuwa yanazunguka upesi, na niliwajua, nilijijua na mimi: tulikuwa tumenyamaza, kimya kile kile cha jangwani. Jiwe lilikuwa linapita mbali, kama walivyosema wataalamu, haliangukii kwa mtu, halina faida, na bado kila mmoja alitaka kuliona wa kwanza na kulitia mfukoni mwake peke yake.

Addi alikuwa amevua miwani. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu bado pembeni, linatoa machozi kidogo. Niliona likitulia mahali pamoja. Niliona kwamba ameshaliona.

Akanyoosha mkono, akaweka kidole karibu na kioo bila kukigusa.

— Lile pale, akasema, kwa sauti ya kusikika na sote. Juu ya nyota ile nyekundu, linakwenda kushoto. Hammou, umeliona? Pancha? Njoo huku, huko ulipo huwezi kuliona.